Ndege ilichelewa kwengine, kwa nini nisubiri mimi Kiembe Samaki?

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa makamo, nipo Wete. Mwezi uliopita nilimpeleka kaka yangu India kwa matibabu ya moyo. Tulikuja Unguja kwa meli, tukalala kwa jamaa Mwanakwerekwe, kesho yake tukenda uwanja wa ndege, Kiembe Samaki. Ndege yetu ya jioni ilikuwa ya shirika kubwa la taifa, itufikishe kwenye kituo chao kikuu, kisha tupande nyengine ya India. Ikachelewa saa mbili na nusu. Mvua hapana, upepo hapana. Tukaambiwa ndege imechelewa kutoka safari iliyotangulia. Tulipofika huko, ya India imeshaondoka, tukalala kwenye viti na mgonjwa. Shirika lenye ndege chungu nzima linakosaje moja ya akiba? Na hiyo safari iliyotangulia inanihusu nini mimi?"

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, dada yangu. Poleni sana, wewe na mgonjwa. Jina la shirika ulilolitaja nimeliondoa, kwa sababu jibu langu ni lile lile kwa karibu kila shirika la taifa la ukanda wetu. Nimefanya kazi miaka 22 katika chumba cha udhibiti wa safari. Abiria hakioni chumba hicho, lakini humo ndimo inamoamuliwa ndege gani iende wapi, nani airushe, na ikikwama ifanywe nini. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa kuwa watu kama nyinyi nilikuwa nikiwaona kama namba kwenye skrini.

Kwanza ujue kwamba shirika halina "ndege ya Unguja". Ratiba ina safari ya Unguja, lakini ndege yenyewe, ile yenye herufi za usajili ubavuni, imepewa mlolongo wa safari za siku nzima, na Unguja ni pingili moja tu ya mlolongo huo. Uliyokuwa ukiisubiri wewe jioni ilikuwa imeshakwenda na kurudi mara kadhaa tangu alfajiri.

Tuchukue mfano. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8-400, ya viti 76, inalala kituo kikuu. Saa 12 asubuhi inakwenda mji mmoja wa bara, inarudi. Inakwenda mji wa pili, inarudi. Kisha inakuja Unguja jioni kukuchukua wewe. Baina ya kutua na kuruka tena imepewa nusu saa hivi. Asubuhi hiyo mji wa kwanza una ukungu. Ndege inazunguka angani dakika 20, halafu inatua. Mpaka inaondoka tena imeshapoteza dakika 40. Utasema dakika 40 si kitu, watazifidia njiani. Hawawezi. Safari fupi haina pa kufidia: ukiongeza mwendo unapata dakika mbili tatu, na mafuta unayachoma kweli kweli.

Kisha ndege iliyochelewa inapoteza zamu yake, na hapa ndipo watu wengi wasipopaona. Ilipangiwa gari la mafuta saa 2. Imefika saa 3 kasorobo, na gari hilo sasa linahudumia ndege nyengine iliyofika kwa wakati wake. Inangoja. Wabeba mizigo nao wamo kwenye ndege hiyo hiyo nyengine. Inangoja. Ikiwa tayari, mbele yake kuna ndege nne zinazosubiri ruhusa ya kuruka. Halafu wamo abiria 15 wanaoshuka kutoka safari ya nje, na shirika linaamua kuwasubiri wasije wakaachwa. Dakika 40 za asubuhi zinakuwa 70, 70 zinakuwa 110, na inapofika Kiembe Samaki kuchelewa kumeshafika muda wa saa mbili na nusu, nawe unatazama mbingu nyeupe ukijiuliza kuna nini.

Siku ukipata nafasi ya kukaa kwenye kioo kinachotazama maegesho ya ndege pale Kiembe Samaki, uwanja wa Abeid Amani Karume, angalia ile nusu saa ya kugeuza ndege. Pangaboi zikisimama, vigingi vinatiwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla mtu yeyote hajasogea. Milango inafunguliwa, mizigo inateremka, wasafishaji wanapanda, maji ya kunywa yanaingia na maji machafu yanatoka. Rubani mmoja anashuka na kuizunguka ndege kwa miguu, akishika hapa, akichungulia pale, kwenye tairi, kwenye ncha za pangaboi, chini ya bawa. Mtu wa mafuta anakinga kidogo kwenye chupa ya kioo, anainyanyua juu kwenye mwanga, anatafuta uchafu na maji. Ana kidonge cha njano anachokipitishia mafuta yale. Kikigeuka kijani, ndani mna maji na hakuna litakalotiwa kwenye ndege. Mwisho inaletwa karatasi ya uzito: abiria wangapi, mizigo kilo ngapi, mafuta kilo ngapi, uzito umekaa wapi. Rubani mkuu anatia saini. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kurukwa kwa kuwa tumechelewa. Nimewahi kumsikia meneja akimpigia kelele mtu wa mafuta aharakishe, na mtu yule akaendelea kutazama chupa yake kwenye mwanga bila kumjibu. Mpaka leo namheshimu.

(Wanangu walikuwa wakiniuliza kwa nini siku nyengine ndege zinaruka kuelekea kusini na nyengine kaskazini. Ni pepo zetu hizi hizi za manahodha. Ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, na barabara ya kurukia ya Kiembe Samaki imelazwa kaskazini na kusini. Kusi likivuma zinaelekea kusini, kaskazi likiingia zinageuza.)

Kuna saa nyengine ambayo abiria haioni: saa ya rubani. Sheria za anga huhesabu muda wa kazi tangu anaporipoti kituoni, na katika nchi nyingi marubani wawili huruhusiwa kama saa 13 kwa siku, zikipungua kadiri walivyoamka alfajiri zaidi na kadiri safari za siku hiyo zilivyo nyingi. Walioripoti saa 11 alfajiri, kwa safari sita, jioni wanakuwa ukingoni. Ndege ikichelewa vya kutosha, wao wanamaliza saa zao na lazima waitwe wengine kutoka majumbani. Hao nao wana muda wao wa kufika. Rubani kuchoka si jambo la kumvumilia kwa sababu abiria wana haraka, na hapo nitakuwa upande wa rubani siku zote.

Sasa niingie kwenye swali lako jengine, la ndege ya akiba.

Ndege mpya ya watu 130 mpaka 180 inauzwa makumi ya mamilioni ya dola. Ikisimama, kodi yake haisimami, wala bima, wala mishahara ya watu wake. Na biashara yenyewe ni ya mali inayooza. Samaki asipouzwa Malindi mpaka jioni, bado atatiwa chumvi, ataanikwa, atakuwa ng'onda. Kiti kisichopata mtu, mlango ukishafungwa kimekwisha. Kwa hiyo kila shirika linataka ndege zake ziwe angani muda mwingi iwezekanavyo, na ndege ya kuegeshwa "ikitokea" ndiyo ya mwanzo kukatwa kwenye bajeti.

Ila wapo wenye akiba bila kuiita akiba. Siri yao ni kuwa na ndege nyingi za aina moja. Ethiopian Airlines, iliyoanzishwa 1945 na kuruka safari yake ya kwanza ya nje mwaka uliofuata kwenda Cairo, leo ina ndege zaidi ya 100. Ikikwama moja, zipo nyengine za aina ile ile, na marubani wanaozijua, na vipuri vinavyoingia. Chumba cha udhibiti kinabadilishana: hii ichukue safari ya ile, ile ichukue ya nyengine, na maumivu yanagawanywa kidogo kidogo mpaka usiku.

Shirika dogo lenye aina nyingi haliwezi. Tazama safari ya Air Tanzania. East African Airways, iliyokuwa ya nchi zetu tatu tangu 1946, ilivunjika 1977 na kila nchi ikabaki kujitafutia yake. Baada ya miaka mingi ya kudorora, ufufuo ulianza 2016 kwa Dash 8-400 mbili. Julai 2018 ikaja Boeing 787-8 ya viti 262, Desemba mwaka huo ikaja Airbus A220-300 ya viti 132, Air Tanzania ikiwa ya mwanzo Afrika kuirusha. 2023 zikaja Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Ni ndege nzuri, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi kumuona twiga wa nembo yake anarudi angani. Lakini kila aina ina leseni yake ya rubani, mafunzo yake ya fundi, rafu yake ya vipuri. Rubani wa A220 hawezi kuhamia 787 kwa sababu mwenzake ameugua. Na aina moja ikipata tatizo la kiwandani, zote zinapigwa: mwishoni mwa 2022 injini za A220 zilisumbua mashirika mengi duniani, Air Tanzania likiwemo, ndege zikaegeshwa kusubiri injini ambazo kiwanda hakikuwa nazo za kutosha. Ndege kumi za aina tano hazikupi nguvu ya ndege kumi za aina moja.

Mimi ningekuwa na sauti, nisingeanza kwa kununua ndege ya akiba. Ningeanza kwa kuacha pengo la saa moja mchana katika mlolongo wa kila ndege. Saa moja tu, baada ya safari za asubuhi, ndege ipumue kituo kikuu. Ucheleweshaji wa ukungu unaishia hapo na safari za jioni zinaanza upya zikiwa safi. Watu wa mauzo hulichukia pengo hilo, maana wanaona safari isiyouzwa. Mimi nimezijibu simu za jioni, na ninajua pengo hilo lina thamani gani.

Usije ukadhani pia kwamba ndege inayoonekana nzima ni ya kurushwa tu. Matengenezo hayahesabiwi kwa kalenda peke yake. Yanahesabiwa kwa saa za angani na kwa mara ambazo ndege imeruka na kutua. Hili la mara linatuhusu sana sisi watu wa visiwa. Unguja mpaka Dar ni dakika 20 hivi, lakini kwa mwili wa ndege ni safari kamili: magurudumu yamepiga chini, injini zimepanda moto na kupoa, kiwiliwili kimejazwa hewa na kutolewa. Na chumvi ya bahari ipo. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyokuwa ikirukaruka baina ya visiwa ilipasuka paa la mbele ikiwa angani. Ilikuwa imeruka mara zaidi ya 89,000. Chuma kilikuwa kimechoka na kuliwa na kutu. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo, na marubani waliiteremsha na watu wengine wote wakiwa hai. Tangu hapo hakuna shirika lenye akili linalochezea hesabu ya mara. Ndege inapoingia ukaguzi mkubwa hufunguliwa, viti vikatolewa, sakafu ikanyanyuliwa, ikakaa wiki kadhaa. Kwa hiyo shirika lenye ndege kumi kwa majina huamka asubuhi nyengine likiwa na nane, na ratiba ikiwa imeuzwa kwa tisa.

Nije kwenye usiku wenu. Kwa nini ndege ya India haikuwasubiri?

Nitakueleza kwa kisa changu. Usiku mmoja nikiwa zamu, familia ya watu saba ilikuwa angani inakuja kwetu, imechelewa, na ndege yao ya kuunganisha ilikuwa imeshafunga mizigo. Ndani mlikuwa na watu 240. Zaidi ya 60 kati yao walikuwa na ndege nyengine mbele ya safari. Nikisubiri dakika 35, hao 60 wanaachwa huko, na marubani wa kurudi wanakaribia mwisho wa saa zao, kwa maana safari ya kesho nayo inaharibika. Nilikuwa na dakika nne za kuamua. Nikasema iondoke. Hesabu ilikuwa sawa, na ningeamua vile vile leo. Kosa langu lilikuja baadaye: sikupiga simu kwenye kaunta kuwaambia watu saba wanakuja, mmoja wao ni bibi anayesukumwa kwa kiti, watafutiwe pa kulala. Nilihamia kwenye tatizo jengine. Asubuhi nikasikia wamelala chini, karibu na mlango wa kupandia. Jambo hilo sijalisahau.

Kwa hiyo, dada yangu, naweza kutetea kuchelewa kwa ndege yako. Kunyamaziwa siwezi. Kwa namna mambo yanavyokwenda, ndege yako ya jioni ilijulikana imechelewa tangu saa 4 asubuhi. Kwenye skrini za chumba cha udhibiti mlolongo mzima hugeuka rangi, safari moja baada ya nyengine, mpaka ya mwisho ya usiku. Nyinyi wakati huo mlikuwa bado Mwanakwerekwe mnakunywa chai. Palikuwa na saa nyingi za kukupigieni simu, kukuhamishieni kwenye ndege ya mapema, au kukwambieni mlale Unguja kwa jamaa na mgonjwa wenu apumzike kitandani, mwende siku ya pili. Shirika lina wajibu wa kufanya hivyo, na ni jambo linalowezekana kwa mtu mmoja mwenye simu na orodha ya abiria wanaounganisha.

Nimejiuliza kwa nini hawakukupigia, na nadhani sababu naijua. Tazama tiketi yako: namba ya simu iliyowekwa ni ya nani? Mara nyingi wakala aliyekukatia huweka namba yake mwenyewe. Shirika linatuma ujumbe, unaingia kwenye simu ya wakala, naye amefunga duka kenda kula. Siku ukikata tena, simama pale pale mpaka uone namba yako, na ya mtu wa pili wa familia, zimeingizwa.

Kwa safari ya marudio, na kwa wengine wenye wagonjwa: hakikisheni safari yote, kuanzia Unguja mpaka India, imo katika tiketi moja. Ikiwa ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali, shirika la pili halina habari na wewe, umechelewa, umejichelewesha. Ikiwa moja, kukufikisha ni juu yao, na ukiachwa nenda moja kwa moja kwenye kaunta ya wanaounganisha, omba kuwekwa ndege inayofuata pamoja na chakula na pa kulala, na sema kwa sauti kwamba una mgonjwa. Usikae kwenye viti kungoja uitwe.

Pendelea ndege ya mwanzo ya siku. Hiyo ama ililala uwanjani, ama imetanguliwa na safari moja tu, haina deni kubwa la kubeba. Ikiwa hakuna ila ya jioni, acha nafasi ya saa nne kwenye kuunganisha, hata kama mfumo unakuuzia ya saa moja na nusu. Ulifanya vizuri kulala Unguja. Uwanja wa Chake Chake una barabara ya kurukia ya kama kilomita moja na nusu, na ndege zinazotua huko nyingi ni ndogo, za watu kumi na kitu, za makampuni ambayo mara nyingi hayamo katika tiketi yako ya India. Basi mtu wa Pemba mwenye safari ya nje aje siku moja kabla, kwa meli au kwa ndege.

Na la mgonjwa wa moyo: mashirika yana fomu ya afya ambayo daktari huijaza kabla ya safari. Iombeni mapema kwa wakala au ofisi ya shirika. Kiti cha magurudumu ombeni siku mbili kabla, si pale kaunta. Yakishaingia kwenye mfumo, mgonjwa wenu haonekani tena kama namba ya kiti tu. Chumba cha udhibiti kikifungua orodha kinamuona, na nimeona ndege ikisubirishwa dakika kumi kwa sababu ya alama hiyo moja.

Mkishapewa tarehe ya kurudi niandikie, nitakutazamia ratiba kabla hujalipa. Mwenyezi Mungu ampe kaka yako shifaa.